Nzi Niliowashonea Nguo

Leo aliyevuliwa si samaki. Ni mimi. Nimevuliwa mchana kweupe, mbele ya Wazungu, mbele ya keki, na aliyeshika mshipi ni mtani wangu mwenyewe.

Nyinyi wenzangu wa kunywa mnazi pale mangweni, mlioko Malindi kwenye kazi ya kujenga, nawaandikia mapema kabla utingo wa basi hajawafikia. Yule atatia chumvi. Mimi nitawapa ilivyokuwa, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. (Darasa la pili, nikatoka. Lakini herufi zangu zinasimama wima, hazilalilali kama za waliofika la saba.)

Mnanijua. Mimi ni Kazungu wa Vitengeni. Nilishuka Kilifi na shuka moja na jembe. Nikachota maji ya watu, nikauza nazi, nikanunua mashua, nikaitia mashini. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenifundisha. Ndiyo maana siulizi maswali. Mtu aliyejifundisha mwenyewe akianza kuuliza, watasema kumbe hajui. (Shikeni hapo hapo. Balaa lote limeanzia hapo.)

Asubuhi nilikuwa ufuoni naziba nyufa za mashua. Pembeni yangu Athmani naye anaipaka yake mafuta ya papa. Athmani yule Mbajuni, ambaye tangu tujuane ananiita mla mahindi na mimi namwita mla papa mbovu. Kwake yeye mtu wa bara hata akae baharini mpaka aote magamba, bado ni mtu wa bara.

Mara akaja Bwana Robati. Ni Mzungu mpya, msimamizi wa ile hoteli ya ng'ambo ya feri. Kiswahili anacho, lakini kimevunjika miguu yote minne.

"Shikamoo, wazee."

"Marahaba." (Hilo tu walimfundisha vizuri.)

"Mimi tafuta boti moja. Msimu yote. Wageni yangu kuja vua samaki. Taka nahodha anajua samaki ya hapa kula nini."

Boti moja! Msimu mzima! Nikamtazama Athmani, Athmani akanitazama. Tena Bwana Robati alikuwa ameshika kofia mkononi. Nyeupe, ukingo mweusi mbele, na nanga ya dhahabu imeshonwa juu yake. Ni ya nahodha atakayechaguliwa. Jamani, sitawaficha. Msimu wenyewe niliutaka, lakini kofia ile niliitaka zaidi. Nikajiona nimeivaa napita pale mangweni, na hakuna atakayethubutu kutaja mahindi tena.

"Bwana," nikamwambia, "kolekole anafuata dagaa maji yakijaa. Dagaa wakipotea anaingia kwenye mikoko kutafuta kamba. Akikosa kamba, anaokota kaa wadogo. Nikwambie na anavyopiga mwayo?"

"Mzuri sana! Sisi vua kwa nzi."

Nikasikia nzi. Masikio yangu hayana kutu. Kasema nzi.

"Kwa nzi, bwana?"

"Ndiyo, nzi. Wewe jua nzi?"

Mimi nisijue nzi! Mimi niliyelelewa kando ya zizi la mbuzi! "Nawajua kuliko wanavyojijua wenyewe."

Akafurahi, akasogea karibu. "Nzi lazima fanana na chakula ya samaki. Kama samaki kula dagaa, nzi iwe kama dagaa. Kama kula kamba, nzi iwe kama kamba. Samaki iangalie, iseme, aa, hii dagaa! Halafu tembea kwa maji kama iko hai."

"Naam."

"Wewe weza tengeneza hiyo?"

Hapo mwenye akili angeuliza. Angesema, bwana, hebu nifafanulie, nzi gani huyo? Mimi nikasema, "Nitakutengenezea mpaka uchoke."

"Leta hoteli leo alasiri, wageni taona. Na wewe pia," akamwambia Athmani. "Mimi chagua moja."

Akaenda zake. Nikabaki nawaza. Samaki anayekula nzi sijamwona. Lakini na Mzungu anayekula konokono nilikuwa sijamwona mpaka nilipomwona. Basi nikanyamaza. Athmani amewahi kuendesha mashua za Wazungu huko Malindi, hilo nalijua, na mambo yao kayazoea. Lakini nimuulize Athmani? Heri nimuulize kaa.

Yeye mwenyewe ndiye akaanza, anakuna ndevu. "Mla mahindi, kazi imekuja. Nzi utawapata wapi?"

"Wewe utawapata wapi?"

"Mimi nitaokotaokota, hapa na pale. Lakini wewe, nikwambie kwa haki ya utani, nenda buchani. Nzi wa buchani wamenona."

Nikamshukuru! Kwa mdomo wangu huu nikamwambia ahsante!

Nikaenda buchani na chupa kubwa ya jemu. Ndani nimetia matumbo ya samaki. Mzee mzima, mwenye mashua yenye mashini, nimechutama chini ya paja la ng'ombe nawangoja nzi waingie, nikiwaita kama kuku. Watu wamekuja kununua nyama, wamesahau nyama.

Muuza nyama akaweka kisu chini. "Mzee Kazungu, unanunua ama unachunga?"

"Nachunga."

"Basi waswage wote, mzee wangu. Usimwachie mwenzako hata ndama."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke. Moyoni nasema, mtanitambua nikiwa na kofia. Chupa ilipojaa mngurumo, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa na kamba, nikarudi nyumbani.

Nilipofika uani nikamkuta jogoo wangu mweupe anatembea kwa aibu, kwa nyuma kumekatika. Mkia hana! Mkia ule mrefu mnaousifu nyote, wenye kidoa cheusi kwenye ncha, hakuna kama huo Kilifi nzima.

"Mama Kadzo! Jogoo kafanywa nini?"

"Athmani kapita sasa hivi," mke wangu akajibu, yuko jikoni anasonga sima. "Kasema umemtuma. Kang'oa manyoya, kasema ni ya kusafishia sikio."

"Sikio lake lina kina gani?"

"Mimi nijuaje? Ni mtani wako, si wangu."

Sikufuatilia, nilikuwa na kazi. (Jamani, sikufuatilia!)

Sasa sikilizeni ufundi. Waliobaki chupani niliwaacha hai, kwa sababu bwana kasema iwe kama iko hai. Wengine nikawafukiza kwa moshi wa makumbi ya nazi mpaka wakalala chali. Nikadhani wamekufa. Nikakaa ukumbini na wembe, karatasi ya fedha iliyotoka ndani ya pakiti ya sigara, na ulimbo wa mfenesi kwenye kifuu. Nikaikata karatasi vipande vyembamba, nikampaka nzi ulimbo mgongoni, nikamvika koti la fedha. Nikamwinua juani, akang'aa! Dagaa mtupu! Ukimtoa mabawa, na macho, na miguu sita.

Wa kamba nikawazungushia uzi mwekundu. Uzi nikauchomoa kwenye pindo la leso iliyokuwa imeanikwa kambani. Wa kaa ndio walionitoa jasho. Nikagandisha nzi wawili, tumbo kwa tumbo, miguu imetawanyika huku na huku. Nikijisifu msinilaumu, lakini kaa yule alikuwa kaa. Alikosa tu mtu wa kumkanyaga.

Mama Kadzo akatoka jikoni, akasimama nyuma yangu.

"Baba Kadzo."

"Naam."

"Unawafanya nini hao?"

"Nawavisha."

"Unawavisha nzi."

"Ni kazi ya hoteli, mama. Huwezi kufahamu."

Akainama, akautazama ule uzi. Akaitazama leso yake. "Nzi wamepata nguo mpya," akasema taratibu. "Mimi nina hii tangu Idi ya majirani ya mwaka juzi, na hii nayo unaifumua uwape wao. Haya. Wakimaliza kuvaa, uwapeleke na harusini."

Nikawapanga kwenye sahani ya sabuni, nikaifunika kwa jani la mgomba, nikavaa shati langu la kanisani, nikashika chupa kwapani, nikaelekea feri.

Mnaijua feri yetu. Ukipanda na siri upande huu, ukishuka upande wa pili hata nahodha wake anayo. Mama wa korosho ndiye aliyeniona kwanza.

"Mzee Kazungu, hiyo asali?"

"Ni nzi."

Feri nzima ikageuka.

"Nzi wa nini, mzee?"

"Wa Wazungu. Wanavulia samaki siku hizi." Hapo mdomo wangu ukapata upepo wa tanga. "Hoteli imeniweka mimi. Watatakiwa wengi, msimu mzima. Atakayekuwa nao anione mimi, asipoteze muda kwa mwingine."

"Mulungu wangu!" akasema bibi mmoja aliyekuwa na kuku wawili kapuni. "Na mimi miaka yote nawafukuza!"

"Usiwafukuze tena, mama. Walee."

Nikashuka upande wa pili nimeinua kidevu.

Hotelini wageni walikuwa barazani wanakunywa chai. Meza ndefu, kitambaa cheupe, maembe yamekatwa vizuri, na keki kubwa nyeupe ya mgeni mmoja aliyezaliwa siku kama ya leo. Mlangoni amesimama Charo, mwana wa dada yangu, anayefanya kazi ya kuandaa meza pale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Bwana yuko?"

Akaiona chupa, macho yakamtoka. "Mjomba, ni nini hicho?" Halafu akaanza kunikonyeza, jicho la kulia, jicho la kulia. "Mjomba, tafadhali, hiyo chupa iache hapa nje kwangu."

"Niiache nje? Ndiyo mali yenyewe!"

Bwana Robati akaniona, akasimama, akanyoosha mikono kama aliyeona ndugu yake. Akawaambia wageni maneno mengi ya Kizungu. Wakanipigia makofi. (Ndiyo. Nilipigiwa makofi. Hayo hakuna atakayeniondolea.) Wakaja wakanizunguka, wengine na vikombe mkononi. Mama mmoja wa makamo akavaa miwani, akainama juu ya sahani ya sabuni, uso wake uko karibu kabisa.

Nikafunua.

Kimya. Hata kijiko hakikulia. Nikadhani ni kimya cha heshima.

Bwana Robati akauliza kwa sauti nyembamba, "Mzee, hii nini?"

"Nzi, bwana. Huyu dagaa, huyu kamba, na hawa wawili wamoja ni kaa."

Na wakati huo huo dagaa wangu wa kwanza, niliyemsifu juani, akaamka. Kumbe alilewa tu kwa moshi! Akanyoosha mguu. Akafuata wa pili. Akasimama na koti lake la fedha, akapangusa uso kama mtu aliyeamka kwa wenyewe, akatembea taratibu kutoka kwenye sahani mpaka kwenye kidole cha yule mama.

Ukelele ule, hata nyinyi mlioko Malindi mlipaswa kuusikia.

Mama akarusha mkono, mkono ukagonga kiwiko changu, chupa ikanitoka. Nikataka kuidaka kwa kitambaa chake, na vidole vyangu vina ulimbo. Kamba ikafyatuka, chupa ikaenda chini, kitambaa kikabaki kimeniganda kiganjani kama bendera.

Wakatoka. Wote. Nzi wa buchani, walionona, waliofungwa tangu asubuhi na njaa yao. Hawakuuliza njia. Wakaenda keki moja kwa moja. Keki iliyokuwa nyeupe ikawa na ndevu. Mwenye keki, mtu mzima mwenye kipara, akaikinga kwa mikono miwili kama kipa, wakahamia kiparani. Wengine wakaingia kwenye chai, wengine maembe. Charo anapunga taulo, Bwana Robati anapunga trei, mimi napunga kitambaa ambacho hakibanduki, na kila nikipunga natapanya ulimbo kwenye magauni ya watu.

"Hii nzi!" Bwana Robati akalia.

"Ndiyo, bwana! Si ulitaka nzi?"

"Hapana hii nzi! Nzi!" Akakimbia ndani, akarudi na kisanduku, akakifungua. Ndani ndoana ndogondogo, kila moja imefungwa manyoya, nywele na nyuzi zinazong'aa. Moja kama dagaa. Moja kama kamba. "Hii ndiyo nzi!"

"Hayo ni manyoya ya kuku, bwana."

Charo akaninong'oneza sikioni. "Mjomba, chambo hicho kwa Kizungu wanakiita nzi. Bwana amelitafsiri neno tu, hivyo hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikukonyeza tangu mlangoni!"

"Nilidhani jicho linakuuma."

(Naitwa Kazungu, lakini Kizungu chenyewe hatujawahi kujuana.)

Na hapo ndipo alipoingia Athmani. Kanzu imepigwa pasi. Mkononi ana sahani ya kaure imefunikwa kwa kitambaa safi. Akawasalimu wageni kwa kuinama, akafunua. Ndoana tatu. Kila moja imefungwa unyoya mweupe mrefu, na ubavuni kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi ile ile! Rangi nilipatia. Nguo nilipatia. Mwili tu ndio nilioukosea!

Kisha nikautazama ule unyoya. Mweupe. Mrefu. Kidoa cheusi kwenye ncha.

"Athmani! Huyo ni jogoo wangu!"

"Hapana, mla mahindi," akajibu bila hata kunitazama. "Huyu ni dagaa."

Bwana Robati akaichukua moja, akaenda gatini. Tukamfuata sote, wageni mbele, nzi nyuma. Chini ya gati dagaa walikuwa wamejikusanya, wanageuka pamoja na kumetameta. Akaitupa ndoana pembeni yao, akaivuta kidogo kidogo. Nakiri, jamani. Ule mkia wa jogoo wangu uliogelea. Ulipinda, ukang'aa, ukasimama kidogo kama dagaa aliyepotezana na wenzake. Mimi mwenyewe ningeumeza.

Kolekole akaja kutoka kwenye kivuli, akaubeba. Fimbo ikapinda, wageni wakashangilia, na Athmani akavishwa kofia. Kubwa mno kwake! Imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kichwa changu ingekikaa vizuri kabisa.

Bwana Robati hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi, akaniomba nimwachie yule kaa wa nzi wawili, amweke kabatini awaonyeshe wageni wajao. Nikampa. Mashua yangu hakuiomba.

Nikasema basi, nirudi nyumbani kimya kimya. Ninashuka feri upande wetu, ninakuta watu wamesimama. Foleni. Mbele ni yule bibi wa kuku, ana birika lililozibwa kwa gunzi, ndani linavuma. Nyuma yake mama wa korosho na kopo. Nyuma yao muuza nyama mwenyewe, na ndoo yenye kifuniko.

"Mzee Kazungu," bibi akasema, "nimewalea kama ulivyoniambia. Nipokee basi, mkono unaniuma."

Nilikwenda mbio. Mimi na umri huu, na shati la kanisani, na kitambaa kimeniganda mkononi, nyuma yangu watu wanaita, "Mzee! Nzi wako!"

Nikapita kisimani moja kwa moja mpaka uani, nikamshika jogoo. Mama Kadzo kanikataza, sikumsikia. Sasa naandika haya yuko chunguni kwa nazi, ananukia vizuri kuliko alivyowika. Manyoya yote nimeyatia moto, unyoya wa mwisho nimeusimamia mpaka ukawa jivu. Kofia anayo. Msimu anao. Sasa nione atavua kwa nini. Kwa nzi!

Mkirudi msinicheke. Chekeni huko huko Malindi, mmalize. Ila jambo moja nimejifunza, tena sikufundishwa na mtu. Kuanzia leo Mzungu akija kuniambia anataka tembo, nitamuuliza kwanza: yule wa mkonga, ama huyu wetu wa kwenye kibuyu?